Chupa Tupu za Siku ya Mama

Ardith Poling alikuwa jikoni akikaanga viazi. Mjukuu wake Kenna, mwenye miaka minne, alikaa mezani ameegemeza shavu mkononi. Hakutaka viazi wala mkate. Usiku alikuwa ameamka mara tatu kwenda chooni.

"Tumbo tena?" aliuliza Okey, mume wa Ardith, akivua buti mlangoni. Alikuwa ametoka kulisha ng'ombe.

"Tena."

"Mpe maji. Mtoto anayehara anywe maji."

Ardith akafungua bomba, akajaza bilauri. Maji yao yalitoka kisimani, nyuma ya nyumba. Baba yake Okey ndiye aliyekichimbisha kisima hicho mwaka aliorudi kutoka vitani. Maji yalikuwa baridi, yenye ladha ya chuma, na sinki lilikuwa na doa la kutu lisilotoka hata likisuguliwa. Bondeni kote watu walijivunia ladha ile. Walisema maji ya mjini hayana ladha, ni kama kulamba dirisha.

Kenna akanywa bilauri nzima.

Mtoto huyo aliishi na babu na bibi yake tangu mwaka uliopita. Mama yake, Shawna, alikuwa mji mwingine akitibiwa uraibu wa vidonge vya maumivu. Hakuna hakimu aliyeandika popote kwamba Kenna akae kwa bibi. Alikaa tu. Kwa hiyo kila gari geni lilipopanda bondeni, Ardith alisogeza pazia kidogo akalitazama mpaka lipite.

Tena alikuwa na sababu nyingine ya kutoamini watu. Miaka sita kabla ya hapo, kijana mmoja wa kampuni ya gesi alimjia shemeji yake Ardith na tabasamu na karatasi ya kuruhusu kuchimba gesi shambani mwake. "Sahihi tu, mzee," alisema. Sasa malori yalipita uani kwa shemeji huyo mchana kutwa, na kijito chake kilikuwa na rangi ya chai. Tangu hapo Ardith alikuwa na kanuni moja: mtu akikuletea cha bure, funga mlango kwanza, maswali baadaye.

Ilikuwa Jumapili ya pili ya Mei, Siku ya Mama. Kanisani, kila mwaka siku hiyo, akina mama walipewa ua jeupe mlangoni. Mwaka huo alisimama mbele ya waumini Wilda Corley, muuguzi mstaafu. Wilda alikuwa ameishi bondeni miaka kumi, na huko miaka kumi ni kama juzi.

"Leo hakuna maua," Wilda alisema. "Kila mama atapata chupa tupu."

Watu wakatazamana. Mtu mmoja nyuma akacheka puani.

Ibada ilipokwisha, Wilda alimfuata Ardith na chupa ndogo yenye mfuniko uliozibwa.

"Bi Ardith, yako hii."

"Ya nini?"

"Ya maji ya kisimani kwako. Kesho nitapita kuichukua niipeleke maabara. Mwezi huu wanapima bure."

"Bure," alisema Ardith. Alilitamka neno hilo kama mtu aliyeona unywele kwenye mchuzi. "Na Siku ya Mama ina uhusiano gani na kisima changu?"

"Unajua siku hii ilianzia wapi?"

"Mji wa Grafton, hapo ng'ambo ya mlima tu. Nani hajui? Binti alimkumbuka mama yake kanisani, akagawa maua meupe. Usinifundishe mambo ya nyumbani kwetu."

"Hayo ya maua ni ya mwaka 1908. Mimi nauliza kabla ya hapo. Huyo mama aliyekumbukwa, alifanya nini?"

Ardith akaitazama ile chupa. Hilo hakuwahi kuulizwa.

"Aliitwa Ann Jarvis," Wilda akasema. "Alizaa watoto zaidi ya kumi, wakafika utu uzima wanne tu. Milima hii yote watoto walikuwa wakifa kwa homa ya matumbo na kuhara. Basi mwaka 1858 akaanzisha vyama vya akina mama. Walikwenda nyumba kwa nyumba. Walifundisha kuchemsha maji, walikagua maziwa, walisafisha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya Kaskazini na Kusini, vilipokuja, waliuguza askari wa pande zote mbili. Siku ya akina mama, kwake yeye, ilikuwa siku ya kazi."

"Kwa hiyo tumekosea miaka yote?"

"Sijasema hivyo. Binti yake, Anna, aliitaka iwe siku ya kila mtu kumkumbuka mama yake mwenyewe. Mwaka 1914 rais akaitangaza nchi nzima. Wauza maua na kadi wakaidaka. Anna mwenyewe akaichukia biashara ile, akapigana nayo mpaka uzeeni, akashindwa. Siku ni ile ile, Bi Ardith, ila imevaa nguo tatu. Mimi nimeitoa ile nguo ya kwanza sandukuni."

Ilikuwa hadithi nzuri. Ardith akaichukua chupa. Lakini njiani kurudi nyumbani aliwaza kwamba kijana wa gesi naye alikuwa na hadithi nzuri.

Jioni Okey aliiona chupa mezani, akakunja uso.

"Muuguzi huyo anataka kusema kisima cha baba yangu ni kichafu?"

"Anataka kupima."

"Nani atasoma majibu?"

Swali hilo ndilo lililomkaa Ardith rohoni. Alimtazama Kenna, aliyekuwa amelala kwenye kochi amekunja magoti. Je, wakiandika kwamba nyumba hii inamnywesha mtoto maji machafu? Je, karatasi hiyo ikifika kwa wale maofisa wa serikali wanaochukua watoto?

Okey alipotoka kwenda zizini, Ardith alikwenda kwenye gari. Nyuma, penye mizigo, kulikuwa na maji ya chupa ya dukani. Akarudi jikoni na kuyamimina kwenye chupa ya Wilda mpaka kwenye mstari, akaifunga.

Asubuhi Wilda alipopita, aliinua chupa kwenye mwanga.

"Umejaza mwenyewe?"

"Ulitaka ajaze nani?"

Wilda alimtazama kwa muda kidogo zaidi ya kawaida, kisha akaiweka chupa kwenye boksi lenye barafu, akaondoka. Ardith akabaki nyuma ya pazia hadi gari lilipopinda kona.

Ijumaa ikaja bahasha iliyofungwa yenye jina lake. Okey ndiye aliyeifungua. Akasoma kwa sauti: maji hayakuonekana kuwa na vijidudu.

"Unaona?" alisema. Akaikunja karatasi vizuri, akaitia kwenye mfuko wa shati. "Mzee wangu alijua kuchimba. Kenna, njoo unywe maji ya babu yako."

Ardith akamwona mtoto akinywa, akageuka kuosha sufuria iliyokuwa safi tayari.

Jumapili Kenna alihara mchana kutwa. Kufika alasiri macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka. Alilia bila machozi. Walimfunga mkanda kwenye gari, wakamkimbiza hospitali ya wilaya. Akawekewa dripu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye maswali mengi. Amekula nini? Amegusa wanyama? Mwishowe akauliza, "Nyumbani mnakunywa maji gani?"

"Ya kisima," alisema Okey. Akaitoa karatasi mfukoni kwa fahari. "Yamepimwa juzi tu. Soma mwenyewe."

Daktari akasoma. "Vizuri. Basi maji tunayaweka kando, tutafute kwingine."

Akaanza kuandika.

Ardith alikuwa ameshika mguu mdogo wa Kenna chini ya blanketi. Mguu ulikuwa baridi. Alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Alijua pia kwamba daktari anatafuta njia, na aliyeiziba ni yeye.

"Usiandike," alisema. "Maji yaliyopimwa ni ya dukani. Niliyatia mimi."

Okey akamgeukia taratibu. Miaka thelathini na tatu walikuwa wameishi pamoja, na hakuwahi kumtazama hivyo.

"Ulinidanganya mimi?"

"Niliwadanganya wote. Niliogopa watamchukua."

Daktari aliweka kalamu chini. "Bibi, asante. Umeniokolea siku mbili." Akaagiza choo cha mtoto kipimwe. Majibu yalionyesha vijidudu vinavyotoka kwenye kinyesi cha ng'ombe.

Kenna alikaa hospitali siku tatu. Siku ya pili Wilda alikuja, akaketi kando ya Ardith. Ardith akamwambia yote, akitazama sakafu.

"Nilishuku," Wilda alisema. "Lakini sikuwa na hakika. Maabara waliniambia kuwa chupa nne kati ya thelathini na moja hazikufanana kabisa na maji ya bondeni. Hazikuwa na chuma hata chembe. Majina hawakunipa, majibu ni ya mwenye kisima peke yake. Nilipaswa kukuuliza nilipoinua ile chupa. Niliogopa utanifungia mlango. Hapo na mimi nina kosa."

"Kwa hiyo hakuna anayepelekewa majibu?"

"Ni wewe tu. Na nikuambie: kisima kibovu hutengenezwa, hakimnyang'anyi mtu mjukuu. Kinachokutia hofu ni kukosa karatasi ya mahakama ya kumlea. Hiyo nayo inaombwa. Nitakwenda nawe."

Ardith hakumwamini mara moja. Aliyageuza maneno hayo kichwani njia nzima ya kurudi nyumbani, akitafuta yanapovujia. Hakupaona.

Wiki hiyo Wilda alikuja nyumbani kwao na chupa mpya. Safari hii Ardith alijaza mbele yake. Aliacha bomba litiririke kwanza, hakugusa mdomo wa chupa kwa vidole, na chupa ikaingia kwenye barafu. Kisha wote watatu wakaenda nyuma ya nyumba. Okey alitembea nyuma, mikono mifukoni.

"Tazama hapa," Wilda alisema, akiinama. "Mfuniko wa kisima una ufa. Na bomba la kisima limeinuka kidogo tu kutoka ardhini. Linatakiwa liinuke futi moja au zaidi. Mvua ikinyesha, maji ya juu yanaingia."

"Maji gani ya juu?" aliuliza Okey.

Wilda akatazama juu mteremkoni. Okey akafuata macho yake. Juu ya kisima, hatua thelathini hivi, lilikuwa zizi lake la ng'ombe.

"Zizi nililijenga mimi," alisema Okey. "Enzi za baba halikuwapo."

"Basi kisima cha baba yako hakikuwa na kosa."

Okey akakohoa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akatoa mikono mifukoni.

"Tufanye nini?"

"Kwanza chemsheni kila tone la kunywa, la kupikia na la kupiga mswaki. Yakianza kutokota kwa nguvu, hesabu dakika moja nzima. Lakini kuchemsha kunaua vijidudu tu. Hakuondoi kemikali. Kwa sababu ya yale malori ya gesi, kipimo cha kemikali tukiombe kando."

"Halafu?"

"Hamisha zizi. Mwite fundi ainue bomba, aweke mfuniko mpya usiopitisha kitu. Kisha atie klorini kisimani kwa kipimo. Msinywe mpaka harufu iishe na maji yapimwe tena. Baada ya hapo, kila mwaka mara moja."

Majibu ya chupa ya pili yalikuja, na yalikuwa mabaya kama walivyotarajia. Okey aliyasoma kimya. Kesho yake alianza kung'oa nguzo za zizi. Hakumsemesha Ardith sana siku hizo, ila aliamka asubuhi kabla yake na kuchemsha sufuria ya kwanza. Alisimama mbele ya jiko na saa mkononi, akihesabu ile dakika.

Fundi alikuja, akafanya kazi yake. Mwishoni mwa Juni ikafika bahasha ya tatu. Okey alimpa Ardith aifungue.

"Hayana vijidudu," Ardith alisoma. "Haya ni yetu kweli."

"Najua. Nilisimama nikikutazama ukijaza," alisema Okey, na pembe ya mdomo wake ikacheza.

Kipimo cha kemikali nacho kilikuja salama. Kenna alikuwa amerudisha mashavu. Siku hiyo alikula viazi sahani mbili na kuomba ya tatu. Hakuamka usiku tena. Shawna alipopiga simu, mtoto alimsimulia habari za ng'ombe waliohamishwa nyumba.

Jumamosi Ardith alikwenda kwa Wilda.

"Ulisema chupa nne. Moja ilikuwa yangu. Tatu ni za nani?"

"Sijui. Hata ningejua nisingesema."

"Mimi nitawajua."

"Kwa vipi?"

"Tutapiga hodi kwa wote. Atakayekuwa na haraka ya kutuonyesha karatasi, ndiye."

Nyumba ya nne ilikuwa ya Delbert Sponaugle, mzee aliyekuwa akilea wajukuu wawili. Hakufungua. Alisimama nyuma ya mlango wa wavu, mkono kwenye komeo.

"Maji yetu ni safi," alisema kabla hawajaulizwa. "Karatasi ninayo."

"Hata mimi ninayo," alisema Ardith. "Ilimlaza mjukuu wangu hospitali siku tatu."

Delbert alimtazama Wilda, kisha Ardith, kisha gari lao, kama mtu anayetafuta mtego umewekwa upande gani. Ndani mtoto alikuwa akilia kwamba tumbo linauma. Ardith akarudi nyuma hatua moja. Alijua mtu wa namna hiyo akisukumwa, hufunga.

Mwishowe komeo likalia.

"Chupa mmekuja nayo?" aliuliza Delbert.