Mbwa Mlinzi wa Dagaa

Kila Jumamosi, kabla jua halijapata nguvu juu ya Mudzipela, mtaa wao mjini Bunia, Ornella alifagia ua, akachota maji, kisha akampa Biskwi makombo ya ugali. Biskwi alikuwa mbwa mchanga wa rangi ya biskuti, mwenye masikio makubwa kuliko akili. Ornella mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuota ndoto akiwa macho. Ukimtuma chumvi, utamkuta njiani anatazama mawingu, na chumvi haijulikani iliko.

Baba yake mdogo, Isidore, hununua dagaa ziwani na kuwauza katika soko la Bunia. Jumamosi moja alikubali kwenda na Ornella. Msichana akabembeleza mpaka akaruhusiwa kumchukua Biskwi pia, kwa sharti kwamba mbwa asifunguliwe kamba hata kidogo, kwa sababu huko samaki huanikwa chini mchangani. Ornella aliahidi upesi, kama waahidivyo watu ambao moyo wao umekwisha kutangulia safarini.

Gari liliteremka kutoka Bogoro, kijiji cha mlimani, na kila kona joto likazidi, hadi Ziwa Albert likaonekana chini, limetulia kama maji ndani ya beseni. Huko Kasenyi, kando ya ziwa, walipanda mtumbwi wa mota wakafuata ukingo wa ziwa. Biskwi alisimama mbele, masikio yakipepea. Ornella alitumbukiza mkono majini. Maji yalikuwa vuguvugu, yakapita katikati ya vidole vyake, na hakujua tena kama ni mtumbwi unaokwenda au ni ziwa.

Walishuka kwenye kambi ndogo ya wavuvi, kwa Mama Annette, mjane kutoka upande wa Mahagi. Mchanga wote ulikuwa umetandikwa nyavu kuukuu, na juu yake dagaa walimetameta. Mlinzi wao alikuwa Sentinele, mbwa mzee wa Mama Annette, aliyezunguka pembeni mwa nyavu bila kuzikanyaga na kuwafukuza korongo wenye vipara. Hakuwahi kufungwa kamba tangu azaliwe. Isidore alimweleza Ornella desturi ya wanawake wa pale: mbwa akionja samaki walioanikwa, hata mara moja, haruhusiwi kukaa ufukoni tena. Nyavu za wote ziko jirani, na ulimi wa mbwa hausahau.

Mchana wakubwa waliingia kibandani kupanga magunia. Ornella alimtazama Sentinele aliye huru, akamtazama Biskwi na kamba yake, akamwonea huruma. Akamfungua. Basi wakaogelea wote watatu, msichana na mbwa wawili, maji yakiruka na jua likicheka nao. Ilikuwa raha tupu. Alipochoka, alijilaza ndani ya mtumbwi mtupu uliovutwa mchangani. Akaota kwamba Bunia nzima iko chini ya ziwa, kengele za kanisa zinalia polepole ndani ya maji, na samaki wanapita soko kuu wakiulizana bei.

Alizinduliwa na sauti ya kutafuna.

Biskwi alikuwa katikati ya wavu wa Mama Annette, dagaa wametapakaa huku na huku. Ornella aliruka, akamburuta mpaka majini, akamsugua mdomo kwa mikono yote miwili hadi magamba yakatoka, kisha akamfunga kamba haraka. Mtu akiwaona kwa mbali angedhani wanacheza. Sentinele alikuja mbio kutoka kufukuza korongo, akaukanyaga wavu, akainamisha pua juu ya samaki waliomwagika. Hapo ndipo Mama Annette alipotoka kibandani.

"Sentinele," alisema taratibu. "Hata weye?"

Wanawake wa nyavu za jirani walikusanyika. Hakuna aliyepaza sauti, na hilo lilimtisha Ornella zaidi. Mama Annette alimgeukia, akamwuliza kama aliona chochote.

"Nilikuwa nalala, mama," Ornella alijibu.

Ilikuwa nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni uongo uliovaa nguo za kanisani. Mama Annette hakubishana na desturi ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuwakumbusha wenzake. Alimwomba Isidore amchukue Sentinele jioni hiyo hiyo. Isidore alisema mjini kuna mtu aitwaye Lambert mwenye depo, ghala la mbao, anatafuta mbwa wa kufunga mnyororo mlangoni. Mama Annette alifunga kamba shingoni mwa mbwa wake, na vidole vyake vikakosea fundo mara kadhaa.

Mtumbwi uliondoka. Mama Annette alibaki amesimama majini hadi magotini, bila kupunga mkono. Sentinele alikaa wima akitazama ufuko unaopungua. Biskwi, tumbo limejaa, alilaza kichwa chake mgongoni mwa mzee huyo akasinzia. Ziwa lilikuwa zuri kuliko asubuhi, maji yote yamegeuka rangi ya asali. Ornella alijaribu kuingia katika ndoto zake, lakini kila alipofumba macho aliona mlango wa depo, na mbwa mzee akizunguka mwisho wa mnyororo. Aliogopa kwamba akisema, Biskwi atafukuzwa nyumbani, na yeye hataletwa ziwani tena maishani. Aliogopa kweli kweli. Kisha Sentinele akageuza kichwa akamlamba mkono, ule ule uliosugua magamba.

"Baba mudogo, turudi," alisema. "Sentinele hakukula samaki. Ni Biskwi njo alikula. Mi nilimufungula kamba, kisha nikamusafisha mudomo mu maji."

Isidore alitazama jua lilipofikia. Halafu akamweleza bila ukali kwamba wakigeuka sasa, giza litawakuta kabla ya kupanda mlima, itabidi walale kambini, na kesho Jumapili Ornella hataimba kanisani na korali ambayo amefanya nayo mazoezi mwezi mzima. Ornella alijibu kwamba anajua. Isidore akamwashiria mwenye mota, na mtumbwi ukageuka.

Walipofika, Isidore alimwacha aseme mwenyewe. Ornella alisimama mbele ya wanawake wote, akasimulia kuanzia kamba hadi magamba. Mama Annette, kabla ya kujibu neno, alipiga goti akamfungua Sentinele. Mbwa alijikung'uta, akaenda moja kwa moja kuwafukuza korongo waliokuwa wamejifanya wenye mji.

Asubuhi iliyofuata Ornella aliamka mapema, akageuza dagaa pamoja na Mama Annette, wavu baada ya wavu, mpaka mgongo ukauma. Walipomaliza, mama huyo alimketisha karibu naye.

"Sikia, mwanangu. Imbwa hana mudomo ya kujitetea. Ukinyamaza, kunyamaza yako njo inamuhukumu. Kufungula kamba ilikuwa kosa ya mutoto. Lakini kumwacha mwingine abebe kosa yako, ile ni mubaya zaidi, na inakomaa na weye mpaka uzee."

Ornella aliinamisha kichwa. Mama Annette aliendelea kusema kwamba desturi haichagui mgeni: Biskwi atakaa Bunia, hatakanyaga tena ufuko ule. Machozi yalimtoka Ornella, akauliza kwa sauti ndogo, "Na mi, mama?"

"Weye, utakuja," Mama Annette alisema. "Mutoto mwenye anageuza mutumbwi katikati ya ziwa ili aseme ukweli, huyo naweza kumwachia samaki yangu yote, nikalala."