Daraja la Kipusa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kipusa alijitazama ziwani. Ziwa lenyewe lilikuwa sebuleni kwao, juu ya meza ya kulia, nalo lilikuwa kipande cha kioo. Mama yake alikuwa mpangaji miji, na mji mpya aliokuwa akiupanga haukuwa na hata ofisi. Basi mfano wake wa kadibodi, wenye nyumba, barabara, shule na ziwa la kuchimbwa, ulikaa mezani, na familia ikala mkekani.

Jumamosi ambayo kamati ingekuja kulikagua ziwa, Kipusa alikuwa amesukwa nywele upya. Ziwa lilivyolala chali, lilimwonyesha kidevu tu. Akalibandua ajione vizuri. Likamponyoka, likapasuka vipande viwili.

Mama alikuwa bafuni. Haraka haraka Kipusa aliviunga vipande kwa gundi, lakini ufa ulionekana wazi. Akakata ukanda wa kadibodi, akaubandika juu ya ufa, kutoka ufuo huu hadi ule.

Wageni waliingia wawili: mwenyekiti wa kamati, akitanguliwa na tumbo lake, na mhandisi wake.

"Mama, hapa umenifurahisha," alisema mwenyekiti. "Umetuwekea na daraja."

Mama alimtazama mhandisi, akidhani ndiye aliyelibandika alipoingia. Mhandisi, akidhani ni kazi ya mama, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelijua daraja hilo tangu zamani.

"Mbona limepinda?" mwenyekiti aliuliza.

"Kwa sababu ya upepo, mheshimiwa," alijibu mhandisi.

"Vizuri. Sasa daraja linataka barabara, na barabara itapita hapa." Akaing'oa shule, akakosa pa kuiweka, akaitia mfukoni. "Shule tutaitafutia kiwanja nje ya mji. Watoto wana miguu. Leteni kalamu nisaini."

Kipusa, aliyekuwa akiwagawia maji ya kunywa, aliiweka trei chini. Shule ile ndiyo ambayo yeye na mdogo wake wangesomea wakihamia mji huo mpya.

"Mheshimiwa, naomba usisaini," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Hilo si daraja. Ni ufa. Nilivunja kioo nikauficha."

Mwenyekiti aliubandua ukanda kwa ukucha, akainama, akauona uso wake umegawanyika nusu kwa nusu. Akamgeukia mhandisi.

"Na ule upepo?"

Mhandisi alikohoa. "Umetulia, mheshimiwa."

Tumbo la mwenyekiti likaanza kutikisika kwa kicheko. Aliitoa shule mfukoni, akaipangusa, akairudisha mahali pake. Kisha akasaini, ziwa likapita bila daraja.

Wageni walipoondoka, mama alimketisha Kipusa kando yake.

"Ungeniambia mapema, ningekasirika kidogo, yakaisha. Ulipolificha kosa, sisi tusiolijua tukaanza kujenga juu yake."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, kwa kuwa umesema ukweli ulipokuwa mgumu kusema. Na mimi nina langu. Niliona kitu nisichokijua, nikanyamaza nisionekane mjinga. Kuanzia leo wewe ukivunja utasema, na mimi nisipojua nitauliza. Haya, vaa viatu. Twende kwa fundi wa vioo, umweleze mwenyewe ukubwa wa ziwa letu."