Nusu ya Gathogo

Chaja ilikuwa moja, mikono ilikuwa miwili. Duka la vifaa vya kompyuta mjini Thika lilijaa watu wa Jumamosi, na Mbinya, mwenye gauni la kitenge na raba nyeupe zilizokwisha kukanyagwa, hakuwa na nia ya kuachilia.

"Niaje, mrembo. Hiyo nimeishika kwanza," alisema Gathogo, kijana mwenye shati la kijani.

"Laptop yako iko wapi?"

"Iliibiwa. Naanza na chaja, ingine itakuja."

Mbinya alicheka. Gathogo akamwachia chaja, naye Mbinya akamwachia nambari yake ya simu.

Mwaka haukuisha kabla hawajapendana kiasi kwamba Mbinya, ambaye huhariri video za harusi chumbani kwake Kimbo, Ruiru, alimkatia nusu ya diski ya laptop yake. Yeye akabaki na Windows, Gathogo mwandika programu akaweka mfumo wake wa Linux. Ukiiwasha, ilitokea menyu nyeusi yenye majina, Gathogo juu, Mbinya chini. Ilihesabu sekunde chache, kisha ikaingia kwa Gathogo.

"Mbona wewe ndio uko juu?"

"Si unajua kubonyeza mshale, babe."

"Nikienda kuchukua chai, narudi nakupata wewe."

"Na hiyo ni mbaya?"

Haikuwa mbaya. Wazee wa Gathogo walipanga kwenda kuposa kwa kina Mbinya, Matuu, mwezi wa nane, na mama yake Mbinya akanunua mbuzi wa kuwachinjia. Kisha diski ikajaa, video ya harusi ya mteja ikakatikia kwenye viapo, na Mbinya, amechoka, akasema, "Siku moja nitakufuta tu nipate nafasi."

Gathogo alicheka nusu kicheko. Jumapili iliyofuata Mbinya alikuwa akikaanga chapati, naye Gathogo akawasha laptop, akaitazama, akaifunika. Akasema ameitwa nyumbani, wala hakuonja chapati. Jioni Mbinya alipoiwasha, menyu haikutokea. Mashine ilikwenda moja kwa moja kwenye Windows. Amejifuta, akawaza, amechukua vitu vyake akaenda bila kuniambia.

Kesho yake ukaja ujumbe wa Gathogo: wazee wamesema tungoje kidogo. Akajibu, "Sawa."

Hakulia, na hilo lilimshangaza. Alikata video za maharusi wakilishana keki, akapunguza vigelegele, na ndani yake hakukuwa na uchungu wala wivu. Alikuwa amekufa ganzi. Mama yake alipopiga simu kuuliza kama yule mbuzi aandaliwe, alisema, "Ngoja kwanza, mwaitu," kwa sauti ya mtu anayeulizwa kama kumenyesha.

Baada ya wiki kadhaa aliipeleka laptop Thika kwa Idah, fundi jirani wa lile duka la chaja.

"Kuna nusu ilibaki wazi. Nirudishie."

Idah aliiwasha huku akibonyeza F12, kitufe kinachoonyesha mifumo yote iliyomo, akachagua kitu, akakunja uso. "Hakuna iliyo wazi. Hii nusu iko na mtu. Windows ilijiapdeti ikajiweka mbele, ndio maana menyu ilipotea."

"Haikufutwa?"

"Haijaguswa hata. Nifute sasa?"

Menyu nyeusi ilikuwa pale, Gathogo juu, Mbinya chini. Mbinya hakuhisi furaha. Alivuta stuli tu, akaketi.

"Wacha kwanza," alisema, akapiga simu.

"Gathogo, ulijifuta?"

"Mimi? Si wewe ulinifuta. Ulisema utanifuta, na Jumapili nikawasha nikapata siko."

"Ulibonyeza F12?"

Huyu ndiye mtu anayewafokea wateja wake wajaribu F12 kabla ya kumpigia simu.

"Sikubonyeza," alisema Gathogo. "Niliogopa kujua."

"Hata mimi sikuuliza."

"Uko wapi?"

"Thika."

"Nakuja."

Walikutana kwenye bustani ya hoteli kuukuu karibu na maporomoko ya Chania. Gathogo alikuwa amekonda, shati halijapigwa pasi. Hawakukumbatiana. Aliivuta laptop, akaandika kidogo, akaizima na kuiwasha. Menyu ikaja, safari hii Mbinya akiwa juu.

"Mbona haihesabu?"

"Nimetoa hiyo kitu. Itangoja mpaka mtu achague."

"Gathogo, mimi sisikii kitu. Hata saa hii."

"Hata mimi. Tukunywe chai tu."

Wakanywa, na menyu ikangoja. Chai ilipofika chini ya kikombe, Mbinya alishusha mshale akabonyeza jina la Gathogo. Yeye akaandika nenosiri, na nusu ile ikafunguka. Ilikuwa na picha moja kubwa, Mbinya mbele ya jiko, unga wa chapati puani, hajui anapigwa picha.

"Ulipiga lini hii?"

"Kitambo. Ndiyo naonaga kila nikianza kazi."

Ndipo machozi yakamtoka, mengi, ya wiki zote kwa pamoja. Gathogo alisogeza kiti, na Mbinya hakumkataza.

"Waambie wazee waje," alisema akijifuta uso kwa kiganja. "Mwaitu amechoka kumlisha yule mbuzi."