Bikoni Nne za Nawoitorong

Mwaka 2012, mafuta yalipogunduliwa Turkana, bei ya ardhi mjini Lodwar ilipanda kila juma. Asubuhi moja Nakiru alikuwa akikamua mbuzi kwao Nawoitorong, pembeni mwa mji, kaka yake, Ebenyo, alipomletea habari. Mgeni kutoka Nairobi angenunua ploti ya familia ajenge hoteli. Sharti lake lilikuwa moja: ardhi isiwe na kaburi.

Nyanya yao alizikwa pale, chini ya mawe kumi na saba. Kila mwanaukoo aliyepita aliyawekea tumbaku.

“Unayapeleka wapi?” Nakiru aliuliza, akimwona Ebenyo akiyapakia mawe hayo kwenye toroli.

“Kwani nyanya ana barua ya ploti? Hana. Atupishe,” Ebenyo alicheka. Akayamwaga mtoni Kawalase, palipokuwa pakavu miezi minane.

Mpima ardhi alipouliza kama kuna aliyezikwa hapo, Ebenyo aliapa: “Hapa hakuna mtu.” Zikachimbiwa bikoni nne, vile vigingi vya saruji vya mpaka, moja kila pembe.

Kesho yake adhuhuri, bikoni zilikuwa zimesogea ndani hatua kumi. Udongo haukuwa umechimbuliwa popote.

“Hao ni madalali, wanataka kunipunja,” Ebenyo alisema. Hakumtazama dadake usoni.

Siku ya pili zilisogea tena. Ya tatu, zilizunguka mahali padogo kama zizi la mbuzi. Hewa ilinuka tumbaku.

“Rudisha mawe, kaka yangu,” Nakiru alinong’ona.

“Mnunuzi anakuja kesho, dada. Nitakaa hapa katikati, nione nani atazigusa.”

Siku ya nne Nakiru alimpelekea chai. Jua la utosi. Upepo hakuna. Alimwita.

Akasogea karibu.

Bikoni zilikuwa zimebana mstatili mwembamba, urefu wa mtu mzima. Ndani, akala za Ebenyo, ndala zake za tairi, zimepangwa sawasawa. Nyayo ziliingia. Hazikutoka.

Alikimbia kumwita Akal, jirani yao. Waliporudi, mstatili ulikuwa umefunikwa kwa mawe. Nakiru akayahesabu. Kumi na saba.

“Tuchimbe?” Akal alinong’ona. Hakuna aliyeinama.

Mnunuzi alipofika, hakushuka hata garini.

Nakiru aligusa jiwe moja. Lilikuwa baridi, likichuruzika maji, na Kawalase bado ilikuwa vumbi tupu.

Mpaka Krismasi ya 2013, chini ya jua lile la Lodwar, mawe yale hayakuwa yamekauka.