Mafiga Yaliyohama

Asubuhi moja ya mwaka 1954, Mwamini alifika kwenye mikorosho yake nje ya Kisarawe akakuta mafiga matatu ya udongo, meusi kwa moshi, mahali ambapo jana palikuwa na majani tu. Kwa watu wa huko, penye mafiga ya zamani ni mahame, makazi yaliyohamwa, na mahame ni ya ukoo uliopika hapo. Shemeji yake Husseini, mdogo wa marehemu mumewe, hakukawia kutangaza kwamba pale alipika marehemu baba yake, kwamba yeye amefyeka tu majani yaliyoyafunika mafiga, na mjane afungashe virago.

Koplo Twalibu wa polisi, aliyeitwa na Mwamini, mtu asiye na subira, aliibwaga baiskeli bila hata kuiegemeza. Alianza kumbana Kitwana, jirani aliyeonekana jioni ya jana yake na jembe. Kitwana alisema alichimba udongo wa kukandika ukuta, na kweli ukuta ulikuwa bado mbichi. Twalibu akarudi kuyazunguka mafiga kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Yamewahi kusogezwa?" alimuuliza Husseini mbele ya Jumbe Mwishehe.

"Haki ya Mungu, hayajaguswa tangu baba awashe moto hapa."

Twalibu aliwahi kumlinda mtaalamu wa miamba kule Mlandizi. Akawaeleza wote: dunia ni sumaku, na kaskazini yake huhamahama kidogo kidogo. Udongo wenye chuma ukiiva motoni, ukipoa huishika kaskazini ya wakati ule. Alichora mshale wa kaskazini juu ya kila figa, akayang'oa, akayasogeza moja moja kwenye sindano ya sumaku iliyoning'inia kwa uzi. La kwanza liliivuta upande wa mshale. La pili likaivuta ubavuni, la tatu likaigeuza kinyume.

"Si umesema kaskazini huhama?" Husseini alidakia.

"Huhama. Lakini haya yalibeba chungu kimoja, yakapoa pamoja. Yangeonyesha upande mmoja. Umeyatoa kwingine ukayapanga kwa macho tu."

Husseini alikiri. Aliyatoa kwenye mahame ya mama yake, mke mdogo aliyeachwa. Baba alimpa kaka mtu mikorosho yote, yeye hakupata hata mche.

Mwamini alitaka mafiga yarudishwe kwanza, pingu baadaye. Kule mahameni palikuwa na mashimo matatu yaliyoungua, na Husseini hakukumbuka figa lipi lilielekea upande gani. Twalibu aliyageuza kwa sindano hadi yote matatu yakaonyesha upande mmoja. Husseini akalia.

"Ungeniomba mche, shemeji," Mwamini alimwambia, "ningekupa."