Mashine ya Oloo na Jini Lililoitikia

Mashine iliandika neno, na chumbani hapakuwa na mtu aliyesema kitu.

Douglas alikuwa amekaa peke yake kwenye chumba cha kurekodia sauti, ghorofa ya juu ya ofisi yao kule Al Sadd, Doha, asubuhi ya Julai, jua limewaka nje mpaka vioo vya majengo vinauma macho. Chumba chenyewe kilikuwa kimefunikwa sponji kuta zote, mlango mzito kama wa jokofu la buchari; ukijifungia humo unasikia hata mate yako yakiteremka kooni. Aliwasha maikrofoni na programu ya kuandika yanayosemwa, apime tu kama vinafanya kazi. Hajafungua mdomo. Kwenye skrini herufi zikaanza kujipanga zenyewe: nimekuja.

Akafuta. Akacheka kile kicheko cha mtu anayejionyesha kwamba haogopi, kisha akabana pumzi, akatulia tuli. Zikaja tena: nimekuja mliniita.

Hapo ndipo pua yake iliponasa harufu ya mchanga uliolowa maji, ndani ya chumba kisicho na dirisha, kwenye mji ambao mvua haikuwa imenyesha kwa miezi.

Programu hiyo haikuwa yake, ingawa siku hizo kila mtu ofisini alisema "programu ya Douglas" na yeye hakumsahihisha yeyote. Ilikuwa ya Jeremiah Oloo. Oloo alikuwa mtu wa Homa Bay, mrefu, meno ya mbele yamepishana, na kichwa ambacho Mungu alikijaza bila kupima. Wakati wakubwa wa fani ile wanahangaika kuifundisha kompyuta isikie Kiingereza na Kiarabu, yeye aliamua yake itasikia Kiswahili, tena Kiswahili cha watu wote, kilichonyooka na kilichopinda. Alifika Doha mwaka 2009, akapanga nyumba na Douglas kule Najma, na kila Ijumaa sebule yao ilijaa askari wa lindo, mayaya, madereva na wapishi, Wakenya kwa Waganda, wakisubiri zamu ya kuzungumza kwenye maikrofoni huku wakila chapati alizosukuma Oloo mwenyewe. Wataalamu walimwambia hakuna mashine itakayomwelewa Mwamu wa Lamu, Mluo na Mganda kwa pamoja. Akaiwezesha. Wa kwanza kabisa.

"Mashine haina madharau," alipenda kusema. "Ukiongea, inakusikiza tu. Ni sisi watu huchagua wa kusikiza."

Ni Oloo huyo huyo aliyemjulisha Douglas kwa dada yake Roselyne, nesi wa hospitali moja ya hapo hapo mjini, wakapendana wakaoana. Kazi, ujuzi, mke, kila kizuri alichokuwa nacho Douglas kilipitia mikononi mwa Oloo. Na Douglas ndiye aliyemwangamiza.

Tuseme lilivyokuwa, bila kulizungusha. Siku moja ya mwaka 2013, kabla hajaoa, Douglas alirudi nyumbani mapema akamkuta Oloo jikoni na rafiki yake, mpishi wa hoteli kutoka Jinja. Hawakuwa wakifanya jambo lolote la kusimulia. Mpishi alikuwa amejikata kidole akikata kitunguu, Oloo amekishika anakipuliza, na kwa jinsi walivyotazamana Douglas akaelewa yote papo hapo. Hakuchukia, aliogopa. Katika nchi ile jambo hilo lilikuwa la jela na kufukuzwa, na mkataba wa nyumba ulikuwa na jina lake pia. Tena chini ya hofu kulikuwa na kijiwivu cha siku nyingi, kile cha mtu anayefanya kazi kando ya mwenye kipaji. Angeweza kuhama. Angeweza kufunga mdomo. Badala yake akafanya lile wanalolifanya watu wa maombi wanapotaka kusema siri ya mwenzao bila kuitwa wasengenyaji: aliipeleka kama ombi.

Ilikuwa Ijumaa, kule Mesaimeer kwenye makanisa, katika kikundi cha maombi cha Wakenya. "Wapendwa, nina mzigo. Tumwombee ndugu yetu Oloo," alianza, akaeleza yote, sauti imejaa huruma. Kiongozi akamtaka aongoze yeye, kwa kuwa ndiye anayekaa naye. Wakasimama duara, mikono juu, wakamkemea pepo aliye ndani ya mtu ambaye hakuwepo. "Mtaje kwa jina! Mwamuru atoke!" kiongozi akapaza sauti. Na Douglas, macho ameyafumba, akijua fika kwamba Oloo hana pepo wala nini, akabuni jina. Lilimjia tu mdomoni. Jina hilo sitaliandika hapa, wala usinidai.

Siri iliyoombewa na watu wote si siri tena. Haukupita muda Oloo akaachishwa kazi, akakamatwa, akawekwa kizuizini, akapandishwa ndege na nguo alizovaa. Nyumbani nako habari zilimtangulia. Wajomba walimpokea uwanja wa ndege wakampeleka moja kwa moja kwenye nyumba ya maombi, wakamfungia afunge, bila chakula wala maji, mpaka pepo amtoke. Pepo wa kutoka hakuwepo, kwa hiyo hawakumfungulia, na akafia humo.

Roselyne hakujua ni nani aliyeanza; waliokuwa kwenye duara lile waliona aibu kumwambia. "Huyo mtu aliyemtaja kaka yangu anakula, analala," alikuwa akimwambia Douglas wakikunja nguo. "Siku nitamjua, sitamfanyia kitu. Nitaondoka tu. Hatasikia sauti yangu tena mpaka afe." Douglas alikuwa akiitikia, "Ni kweli, mpenzi," huku akikunja shati lile lile mara mbili.

Sasa turudi kwenye harufu. Ilimfuata nyumbani. Mashine ofisini ikaacha kuandika maneno yasiyosemwa na mtu, na kule Najma mchana kweupe ukaanza kusikika mchakacho ndani ya kuta, kama mtu anachekecha unga upande wa pili. Ukisogea unahama, ukikaa unakaa. Roselyne akaanza kulalamika kwamba shuka zina mchanga. Akazikung'uta, akazifua, akafunga madirisha, akalaumu vumbi la jangwani, na kila akirudi kutoka kazini anaukuta tena, upande wake wa kitanda.

Ijumaa moja adhuhuri, watu wote wamekwenda msikitini na mtaa umenyamaza, joto limekaa barabarani mpaka paka hawapiti, Douglas alikuwa jikoni akiosha vikombe aliposikia mkewe akimwita kutoka chumbani, akaitika, akafuta mikono, akaenda, na alipofika mlangoni akamkuta ameketi katikati ya kitanda, mgongo umenyooka kama ubao, viganja vimetazama juu, macho yako wazi lakini hayamtazami, na mdomo wake ulipofunguka sauti ilikuwa ya Roselyne ile ile anayoijua, isipokuwa haikuvuta pumzi kati ya neno na neno.

"Nyumba yangu iko wapi mliniamsha mchangani nilikuwa nimelala mkaniita kwa jina langu nikaja mkasema toka ndani ya Oloo nami sikuwa ndani ya mtu yeyote nikamfuata huyo Oloo nikamkuta amekufa na wewe ndiye uliyeniita nyumba yangu iko wapi."

Douglas akatoa simu mfukoni. Wazo la kwanza lilikuwa kuwapigia simu watu wa maombi. La pili lilikuwa kwamba watu wa maombi watasikia yanayosemwa na kinywa hicho, na kesho yake Doha nzima itasikia. Akampigia Maalim Shee.

Maalim Shee alikuwa mtu wa Lamu, dereva wa gari la wafanyakazi pale ofisini, mwenye ndevu za mvi na lugha ya upole. Waislamu wa Afrika Mashariki walimwita nyumbani kwao mambo yanapowazidi. Alitoka msikitini akaja na kanzu yake ya Ijumaa, akatia ubani kwenye chetezo, akaketi chini na kusoma kwa sauti ndogo mpaka shingo ya Roselyne ikaanza kutikisika. Akaliuliza jini jina lake. Likataja lile lile la Mesaimeer. Akaliuliza limeletwa na nani, nalo likamwelekezea Douglas kidole cha mkewe, chenye pete.

Maalim akamgeukia Douglas. "Ni kweli liyasemayo?"

"Ni kweli, Maalim," Douglas akanong'ona. "Lakini nilibuni tu. Sikujua kuna kitu kinaitwa hivyo."

"Kijana, kwetu hatumwamuru jini atoke kabla ya kujua kama yumo. Tunauliza kwanza. Ukiita pasipo na kitu, lolote lililo karibu huitikia, na likishaitikia halina pa kurudi."

"Sasa tutalitoa aje?"

"Aliyeita na aufute mwito wake. Mkeo akizinduka, mwambie kwa kinywa chako: kakako hakuwa na pepo, na aliyemtaja ni mimi. Basi. Likisikia kwamba nyumba liliyoahidiwa ndani ya Oloo haikuwepo kamwe, litakwenda zake."

"Akisikia hivyo ataniacha."

"Hilo silijui. Ninalolijua ni la kulitoa jini."

"Hakuna kombe unaweza kumwandikia? Dawa yoyote?"

"Nitamwandikia aya sahanini, azioshe anywe. Lakini kombe halitasema maneno yako."

Akasoma tena, akamnyunyizia marashi usoni. Roselyne akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka majini, akatazama huku na huku, akajifunika kanga haraka kwa kuona mgeni. "Maalim? Karibu... Douglas, nini imefanyika? Mbona kuna moshi? Nimesema nini?"

Maalim Shee aliinamisha kichwa, akasubiri. Douglas aliuona uso wa mkewe, umechoka, unamwamini, na alama za mto bado ziko shavuni. Maneno yalikuwa pale pale ulimini. Akayameza.

"Hujasema kitu, mpenzi. Ni homa tu. Umechoka na zamu za usiku."

Maalim akaokota chetezo chake kikiwa bado cha moto. Mlangoni akasema polepole, "Usiniite tena mpaka umesema." Ubani ulipoisha hewani, harufu ya mchanga uliolowa ilikuwa pale pale.

Likawa linakuja kila Ijumaa, watu wakiwa msikitini. Na hapa kuna jambo la aibu kuliko yote, nalo Douglas hakuwahi kumwambia mtu: baada ya muda alianza kulisubiri. Kwani nani mwingine angeweza kuzungumza naye habari za Oloo? Alikuwa akipiga magoti kando ya kitanda, anaushika mkono wa mkewe ambaye hamsikii, anaeleza kuhusu jikoni, na kidole kile kilichopulizwa, na wivu wake, na mduara wa Mesaimeer, analia, anasema, "Nisamehe," na midomo ya Roselyne inajibu, "Nimekusamehe." Basi anainuka mwepesi, ananawa uso, Jumapili anakwenda kazini akipiga mluzi.

Lakini Roselyne alikuwa akichelewa kuzinduka, kila mara zaidi kuliko mara iliyopita, na hakurudi mzima. Mara amesahau namba ya simu ya mama yake. Mara amesimama mbele ya jiko hajui alikuja kupika nini. Hospitalini wakampumzisha kazi. Jini lilikuwa likijiongezea chumba baada ya chumba, kama mpangaji asiye na haya, na Douglas aliliona likifanya hivyo, na bado akawa anajiambia, Ijumaa hii tu, nipate nafuu, kisha nitamwambia.

Ikafika siku aliyokuwa ametoa picha ya Oloo mezani ili aifute vumbi. Roselyne akaitazama kwa adabu, kama picha ya mtu wa kwenye gazeti.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Moyo wa Douglas ulipasuka, na ukapasuka kweli. Akamkalisha sebuleni, mchana, mapazia wazi, akamwambia. Alisema yote, hakujipamba. Alisema kwamba Oloo hakuwa na pepo, kwamba alikuwa mtu mwema kuliko wote aliowajua, kwamba aliyemtaja ni yeye, na jina alilibuni, na mashine si yake, na kwamba amekaa naye kitanda kimoja muda wote huo akimdanganya, na kama anataka kuondoka aondoke, yeye mwenyewe atambebea sanduku mpaka mlangoni. Maisha yake yote hajawahi kutamani kitu kama alivyotamani mwanamke yule asimame, amtukane, aende.

Roselyne alikuwa amemsikiliza ameshika tama. Akaupeleka mkono, akampangusa machozi kwa kidole gumba.

"Mbona unajisumbua, Douglas? Haya yote umeshaniambia mimi, tena mara nyingi," sauti ikasema taratibu. "Huyo uliyetaka kumwambia ndiye hayupo."

Kisha likasimama kwa miguu ya mkewe, likaenda jikoni kumpikia chai.