Kifo cha Mama Meza Moja

Fundi mitambo ndiye aliyemkuta. King'ora kililia saa moja na nusu asubuhi, wachache waliokwisha kufika kazini wakakimbilia uani, na Fundi alipotupa macho huku na huku asimwone Mratibu, alirudi ndani peke yake. Akashuka ngazi hadi ghorofa ya chini ya ardhi, akavuta mlango wa chumba cha mitambo ya mawasiliano. Ulifunguka bila taabu. Mratibu akamwangukia miguuni, kwa kuwa alikufa akiwa ameuegemea kwa ndani.

Hakuwa na jeraha ila viganja vilivyovimba kwa kugonga.

Inspekta, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alifika saa mbili na robo na Sajini wake. Mvua ilikuwa inamwagika. Jengo lilikuwa la Kamisheni ya Mto, chombo cha nchi zote zinazotumia mto ule, na polisi wa nchi mwenyeji hawakuruhusiwa kuvuka lango lake bila kibali. Naibu Katibu alikitoa shingo upande.

"Mpaka adhuhuri," alisema. "Na kikao cha leo nakiahirisha."

"Kikao gani?"

"Cha wabia. Wazo lake marehemu."

Wabia wa Kamisheni walikuwa wengi, lakini wawili ndio walioshika roho za watu: wenye bwawa huko juu mtoni, na kikosi cha waokoaji bondeni. Kwa miaka mingi kila mmoja alizungumza na Kamisheni kivyake, akajibiwa kivyake, na hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Mratibu aliajiriwa kuwaunganisha. Kila alikopita aliimba wimbo mmoja, "Tukae meza moja," hadi wafanyakazi wakamwita Mama Meza Moja. Kikao cha kwanza kilikuwa kiwe asubuhi ile ile.

"Kabla ya king'ora, nani walikuwa ndani?" Inspekta alimuuliza mlinzi wa lango.

"Naibu, Fundi, Mkalimani, na marehemu. Wengine wote wamefika baadaye. Na hakuna aliyetoka, afande."

Habari hiyo ilienea jengo zima kabla Inspekta hajafika ngazini. Aliyeua alikuwa bado humo humo. Makatibu muhtasi walikwenda msalani wawili wawili. Chai iliyoandaliwa kwa wageni ilipoa kwenye birika, hakuna aliyethubutu kuionja.

Fundi alihojiwa kwanza.

"Mlikuwa mkigombana naye," Inspekta alisema. "Jana watu walikusikia ukisema atakuzika humo chini."

"Nilisema kwa hasira, mama. Alitaka nihamishe mitambo yote iwe dawati moja, kwa wiki moja! Lakini kumuua? Nina watoto."

"Nani alimfungulia chumba?"

"Mimi. Alitaka kusikiliza sauti za simu za mwaka jana, zile zilizotoka bwawani kabla ya mafuriko. Nikamwonesha zilipo, nikaenda kuwasha jenereta."

"Watu wa bwawani wanaongea lugha yao. Yeye aliijua?"

"Salamu tu."

Inspekta aliliandika jibu hilo daftarini. "Na hiyo gesi iliyomuua?"

"Ni ya kuzimia moto. Ikifunguliwa inafukuza hewa yote chumbani. Kitufe kiko nje ukutani. Lakini mlango haufungwi mtu akiwa ndani, mama. Ukiusukuma tu, unatoka. Sijui kwa nini hakutoka."

Sajini aliinama mlangoni na tochi. Kwenye bati, usawa wa goti, palikuwa na mchubuko mpya wenye rangi ya buluu. Mkabala na chumba, ng'ambo ya ujia, ilikuwa stoo. Ndani yake kulikuwa na kitoroli cha chuma, cha buluu, kilichosheheni masanduku ya visikizio vya mikutano.

"Hiki kiliegemezwa mlangoni, magurudumu yakafungwa breki," Sajini alinong'ona. "Kisha kikarudishwa."

"Nani hukitumia?"

"Sisi sote," alisema Fundi. "Hata Naibu hukisukuma tukiwa na haraka."

Naibu alijibu akitazama dirisha. Ndiyo, aliupinga mpango wa meza moja. Wabia wote walizoea kupitia kwake, na ukishaweka dawati moja, yeye angebaki kufungua semina. "Lakini chuki ya ofisini haiui, Inspekta. Ingekuwa inaua, tusingebaki hata wawili."

"Ulikuwa wapi?"

"Ofisini kwangu. Peke yangu. Najua inavyosikika."

Mkalimani alikutwa ukumbini, ameketi na mgeni aliyekuwa ameficha uso mikononi. Mgeni huyo aliongoza mashua za waokoaji bondeni, na kila mtu alimwita Nahodha. Mafuriko ya mwaka jana yalimchukulia mke na mtoto mdogo. Mke huyo alikuwa dada yake Mkalimani, tumbo moja.

"Jikaze, shemeji," Mkalimani alikuwa akimwambia, mkono begani kwake. "Maji yalichukua wetu, leo yamemchukua na huyu."

"Huyu hakuchukuliwa na maji," alisema Inspekta. "Wewe ulikuwa wapi king'ora kilipolia?"

"Ghorofa ya tatu, kibandani kwangu, najaribu vipaza sauti. Nikasikia king'ora, na ile sauti ya mwanamke ikisema tokeni, tokeni. Nikashuka."

"Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu mwema," alisema Mkalimani, na machozi yakamlengalenga. Inspekta aliona kwamba yalikuwa machozi ya kweli.

Nahodha aliinua uso. "Alinipigia jana. Akaniambia, 'Kesho utamuuliza Mhandisi wa bwawa mwenyewe, mdomo kwa mdomo, kwa nini watu wako walikufa.' Mwaka mzima nimelisubiri jibu hilo. Watu wa bwawani walitudanganya, afande."

Inspekta alirudi chini. Alimwamuru Fundi afunge mtungi wa gesi, akamtuma Sajini ghorofa ya tatu, kisha akaingia mwenyewe katika chumba kile.

"Nifungie. Weka kitoroli. Halafu bonyeza."

"Mama, usifanye hivyo."

"Bonyeza."

Mlango ulijifunga. Magurudumu yalikoroma sakafuni, chuma kikagonga bati. King'ora kikalipuka, na juu yake sauti ya mwanamke, tulivu kama ya mtu anayetangaza safari: "Tokeni. Gesi inafunguliwa. Tokeni." Alijua mtungi umefungwa, lakini hakungoja. Alisukuma mlango kwa bega. Haukutikisika. Akasukuma tena, kisha akajikuta anagonga kwa viganja, pale pale palipogongwa asubuhi, na wazo likampitia kama kisu: na kama ni Fundi?

Kitoroli kilivutwa. Mwanga ukaingia. Fundi alisimama pale, uso umempauka kuliko wake.

Sajini alishuka akihema.

"Umesikia nini huko juu?" Inspekta alimuuliza.

"King'ora."

"Na ile sauti?"

"Sauti gani, mama?"

"Kipaza chake kiko hapa ujiani tu," Fundi alieleza. "Huko juu haisikiki kabisa."

Inspekta alijifuta jasho. Sasa alimfahamu muuaji, lakini hakuijua sababu. Na akikosa sababu, adhuhuri ingefika na mwanasheria wa Kamisheni angemfungia lango.

"Mwambieni Naibu," alisema, "kikao kipo."

Waliketi saa tano. Inspekta alishika kiti cha marehemu. Kushoto alikaa Nahodha, kulia Mhandisi wa bwawa, bwana mrefu aliyetazama mvua dirishani kila baada ya sekunde chache. Katikati yao alikaa Mkalimani. Naibu alisimama mlangoni na Sajini.

"Sitaki hotuba," alisema Inspekta. "Kila mmoja aseme, mwaka jana, ujumbe ulisema maji yatafunguliwa saa ngapi."

Mkalimani alifasiri kwa sauti kavu. Mhandisi alijibu kwa maneno machache, akainua vidole viwili.

"Anasema walitoa taarifa mapema," Mkalimani alisema.

"Vidole vyake vimesema zaidi ya hapo. Nahodha, ninyi mliambiwa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi!" Nahodha alimnyooshea Mhandisi vidole viwili usoni. "Tukasema watu walale, tutawatoa alfajiri. Saa nane usiku maji yakatukuta vitandani!"

Wale mahasimu wawili wakabaki wakitazamana, vidole viwili kwa vidole viwili. Mhandisi alikunja uso. Inspekta alisimama, akaitungua saa ya ukutani, akailaza mezani.

"Mwambie aoneshe."

Mkalimani hakufungua mdomo. Wala haikuhitajika. Mhandisi alielewa, akaweka kidole juu ya namba mbili.

Nahodha aliangua kicheko kisicho na furaha. "Hapo ni saa nane, bwana! Saa mbili ni hapa." Akaweka kidole chake juu ya namba nane.

Kicheko kikamkatikia kooni. Aliviangalia vile vidole viwili, kila kimoja upande wake wa saa. Akageuka polepole.

"Shemeji. Ujumbe ule ulinipigia wewe."

Mkalimani aliitazama saa, hakumtazama yeye.

"Kwao hesabu ya saa inaanzia usiku wa manane," alisema Inspekta. "Ulisikia mbili, ukasema mbili. Wao wakaamini mlipuuza, ninyi mkaamini mlidanganywa, na Kamisheni ikawajibu kila mmoja kivyake. Siri hiyo ingeishi muda wote ambao hawa wawili hawajakaa meza moja. Na leo asubuhi Mratibu alikwenda kusikiliza lugha asiyoijua. Angekwenda bila mkalimani? Kisha ukaniambia uliisikia sauti ya mwanamke. Sauti ile inasikika mahali pamoja tu, pale penye kitufe."

Mkalimani alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo na kuvunjwa mgongo kwa wakati mmoja.

"Nilikuwa nimejilaza, nimefasiri kutwa nzima," alisema, akimtazama shemeji yake peke yake. "Simu ikaniamsha. Kulipokucha, dada alikuwa ameshatolewa matopeni. Wewe ukanikumbatia. Ukaniambia Mungu awalaani wa bwawani. Nikaitikia."

"Na Mratibu?" Inspekta aliuliza.

"Alikuja kibandani anacheka. 'Njoo unifasirie, nijue nani mkweli.' Tulipofika chini nikamwambia nafuata visikizio. Kitoroli kilikuwa hapo..." Alimeza mate. "Aligonga. Aliniita kwa jina langu. Alidhani mlango umekwama, akawa ananiomba nimsaidie."

Naibu alifunika macho kwa kiganja.

"Mwaka mzima unalala kwangu," Nahodha alisema taratibu. "Unawalisha wanangu waliobaki kwa mkono huo. Ungeniambia, shemeji, ningekupiga. Wallahi ningekupiga. Halafu ningelia na wewe."

Sajini alimfunga pingu. Mkalimani alipita nyuma ya kiti cha Nahodha, akasita kama anayetaka kusema neno, lakini Nahodha hakugeuka.

Mlango ulipofungwa, Mhandisi alimvuta Nahodha mkono wa shati. Alionesha mvua, kisha akapandisha kiganja chake mpaka shingoni: bwawa limejaa. Akaweka kidole juu ya namba nne. Nahodha akanyoosha mkono dirishani, kwenye mwanga wa mchana, nyusi zikiuliza. Mhandisi akaitikia kwa kichwa, ndiyo, mchana, leo. Akarudia mara tatu, na kila mara Nahodha alikiweka kidole chake palepale.

"Saa kumi alasiri," Nahodha alisema. "Leo hii." Akachukua simu, akawaamuru watu wake watoe mashua, wapige ngoma za hatari, wabebe wazee kwanza. Kisha akapiga namba nyingine, na sauti yake ikashuka.

"Mama, shikamoo."

Mama mkwe alikuwa kizee mwenye sauti kubwa. Chumba kizima kilimsikia. "Marahaba, mwanangu. Mvua huku haina adabu."

"Mama, funga vitu vyako upande mlimani sasa hivi. Vijana wanakuja kukuchukua. Usingoje kupika."

"Nani kasema? Isije ikawa kama mwaka jana."

"Nimeambiwa na mwenye bwawa mwenyewe. Yuko hapa, tumekaa naye."

"Basi nakwenda. Na mwanangu, shemeji yako, yuko hapo nawe? Nipe nimsalimie, ana siku mbili hajanipigia."

Nahodha aliutazama mlango. Inspekta aliinamisha macho.

"Ametoka kidogo, mama," Nahodha alisema. "Panda mlima kwanza. Nitakuja mwenyewe, nitakaa nawe chini, nitakueleza."